Nyasi Ngumu kwa Sungura Wawili

Benchi letu liko nje ya duka la kufulia nguo, huku ughaibuni, Acocks Green, hatua chache kutoka stesheni ya treni. Mguu wake mmoja umefungwa waya, na kila Jumamosi asubuhi huwa letu kwa muda ule mashine zinapozunguka. Omer huleta kahawa ya tangawizi kwenye chupa kubwa. Ni mtu wa Bukavu, anafanya kazi ghalani kule Nechells, na kwa kuwa hakuna kitu ambacho hajawahi kujaribu kukitengeneza, tunamwita Enjinia. Feisal wa Tanga, kijana wa kusambaza vifurushi, ni Gugo: hujamaliza swali, yeye keshalitoa jibu kwenye simu. Ameir wa Pemba ni Karafuu. Mimi ni Mwalimu, na kazi yangu ni kushika vikombe. Jumamosi hiyo ya Aprili, Ameir alikuja na karatasi yenye vipimo vya ua wa nyumba yake. Duka la nyasi lilitaka oda yake kabla ya saa tano.

— Haya, wazee, alisema. Nataka nyasi ngumu. Sungura wangu wawili, Biskuti na Tofi, wamekaa kwenye matope tangu Novemba. Juzi Nasreen kanionesha nyayo zao. Nyekundu! Kanambia, "Dad, they're hurting." Basi. Wanaumia.

Nasreen ni bintiye wa miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

— Chukua nyasi za rai, alisema Feisal, kidole kwenye simu. Ndiyo wanayoweka viwanja vya mpira. Unaikanyaga leo, kesho imesimama.

— Sungura hachezi mpira, bwana. Anachimba, na anakula.

— Basi changanya na feskyu. Mizizi yake inakwenda chini, mkojo hauiunguzi upesi.

— Nani kakwambia?

— Simu.

— Simu yako ishafuga sungura?

Omer alimimina kahawa bila haraka.

— Bon. Miye nakuambia, majani ya hapa iko laini kama nywele ya mtoto. Kwetu Bukavu, ku misioni, kulikuwa majani ya pasipalamu. Ng'ombe ya bapadri nakula asubuhi, banafunzi banapiga mpira mangaribi. Kesho yake majani iko pale, inakuangalia tu.

— Itakufa na baridi, Enjinia, alisema Feisal.

— Miye nilifika hapa na koti moja. Nilikufa?

— Mie ningepata ukoka, alisema Ameir taratibu. Ule wa kwetu. Unautia mguu alfajiri, una umande, lakini umande wa vuguvugu...

Hakumaliza. Omer naye aliacha kumimina.

— Ukoka hapa unageuka kahawia Oktoba, unalala mpaka Mei, alisema Feisal. Hao sungura watakula nini, blanketi? Sikia, bro. Weka nyasi za plastiki. Unapiga maji, unapangusa, kwisha.

— Watazila.

— Basi weka shifti. Gawa ua mara nne. Jumatatu Biskuti robo hii, Tofi robo ile. Kama ghalani kwa Enjinia.

— Na ovataimu nani atabalipa? aliuliza Omer. Non. Miye naleta mapaleti kumi. Tunatia udongo juu, tunapanda majani, chini tunafunga magurudumu. Mvua ikikuja, unasukuma majani yote ndani ya shedi!

— Na sungura?

— Bako juu. Banatembezwa!

Ameir alicheka mpaka kahawa ikamwagika, lakini dukani hakupiga simu. Ilikuwa saa nne unusu. Rai aliiona rangi yake kali mno, feskyu majani yake mapana, na mchanganyiko hakuuamini. Nimesomesha watoto miaka mingi. Namjua mtu anayetafuta kosa kwenye swali kwa sababu hataki kulijibu.

Hapo akatoka ndani Thérèse, na mfuko wa sare za shule za wanawe. Ni mama wa Uvira, alihamia mtaa wetu wiki ile kutoka Kingstanding. Omer alimsogezea kikombe. Alikuwa amesikia kila kitu mlangoni.

— Baba Nasreen, samahani, alisema. Hapa majani inaota hata ku ukuta. Inaota ku paa ya nyumba yangu, na hakuna mtu alipanda. Kwako inakatala sababu gani?

Feisal aliitazama simu yake. Omer alichungulia ndani ya chupa. Ameir aliikunja ile karatasi, na nikaona vipimo vilikuwa vimeandikwa nyuma ya barua. Barua ya viza. Walimkataa mama yake kwa mara ya pili.

— Zile nyasi za mwanzo alizimaliza Bi Mkubwa, mama yangu, alisema Ameir. Alikuja Mei mwaka jana. Fagio lake la chelewa kalitia ndani ya sanduku, katoka nalo Pemba. Kila akisali alfajiri, anatoka uani, anafagia. Kwake yeye nyasi mlangoni ni aibu, watu watasema nyumba haina mwenyewe. Jirani yangu Inderpal alimwonea huruma, akampa reki. Mama alimshukuru sana, akaanikia kanga. Mpaka Agosti ua ulikuwa mchanga mtupu, safi kama sahani.

— Alirudi kwao lini? aliuliza Thérèse.

— Septemba.

— Septemba mpaka leo, alirudia pole pole, kama mtu anayehesabu kwa vidole.

Simu ya Ameir ikalia. Aliiweka mbali na sikio, kwa kuwa mama yake, Bi Mwanamkasi, huzungumza kana kwamba simu haipo.

— Ameir! Umefagia?

— Nimefagia, mama.

— Hadi kwenye bomba?

— Hadi kwenye bomba.

— Haya. Usiache majani mlangoni, watoto wataumwa na nyoka.

— Huku hamna nyoka, mama.

— Hujawaona tu wewe. Na hao wa viza washajibu?

— Bado, mama.

— Haya, mwanangu. Fagio lisimamishe, usililaze. Linaoza.

Ameir alikata simu.

— Kweli unafagia? aliuliza Feisal, na kwa mara ya kwanza simu aliitia mfukoni.

— Kila siku, kabla ya kazi. Ananiuliza kila siku. Sitaki kumwambia uongo mama.

Lile "bado" hatukulitaja.

— Baba Nasreen, alisema Thérèse, acha njia. Kutoka mlango ya jikoni mpaka ku bomba, pale usipande. Kwengine kote, sungura bapate majani yabo.

Ameir aliikunjua karatasi yake. Kisha akapiga simu dukani. Rai na feskyu, alisema, ua mzima, isipokuwa njia moja katikati. Msichana wa dukani akauliza jambo. Ameir aliziba simu kwa kiganja, akatugeukia.

— Anauliza upana wake.

Hapo Omer akasimama. Akainama, mkono wa kushoto mgongoni, akaushika ufagio usiokuwepo, akafagia lami mbele ya benchi.

— Hivi?

— Sivo. Mkono wa mama mfupi.

Omer akaupunguza mkono.

— Hivi?

Ndani ya kiganja cha Ameir, msichana alikuwa anaita, halo, halo. Ameir hakuondoa macho kwenye lami.

— Rudia, Enjinia, alisema. Pole pole.