Enesi Anyosisye, Aliyeambiwa Asiguse Sufuria

Ndugu mliofika hapa Hasamba, familia imetaka maisha ya mama yetu mdogo yasomwe yote, bila kuruka pale panapouma, kwa hiyo tuvumiliane.

Enesi Anyosisye alizaliwa Ibaba, Ileje, tarehe 14 Mei 1961, akamaliza darasa la saba hukohuko mwaka 1976, na tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na marehemu Sadoki hapa Hasamba, wakajaliwa binti mmoja, Restuta, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1988.

Kazi yake ilikuwa kahawa, na wanunuzi binafsi walipoingia na lori la ushirika likaacha kupanda huku, mjane huyu alinunua punda wawili, akawa anabeba kahawa yake na ya jirani asiye na mnyama hadi barabara ya Tunduma, akiwabembeleza punda kwa Kindali, lugha ya kwao Ileje, njia nzima, na jioni baridi ikishuka alivua gunia mgongoni mwa punda akajifunika mabegani, kama tufanyavyo wote wenye punda, maana gunia lile huwa bado lina joto.

Novemba 2013 punda mmoja alinyonyoka manyoya mgongoni, na kabla ya Krismasi mama mwenyewe alitokwa na mabaka ya duara shingoni na mikononi, akaenda hospitali, daktari akamweleza kwamba ni choa, fangasi aliyetoka kwa punda na kupita kwenye gunia, akampa dawa, akampima na damu, akakutwa hana virusi vyovyote. Lakini hapa kijijini majibu yalishatoka siku nyingi, mjane anayeshinda barabarani na madereva mlitaka aumwe nini kingine? Kikombe chake kikatengwa, na kwenye kikao cha sendofu ya Restuta, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ikasemwa, kwa vicheko, eti mama mzaa chema akae kitini apigwe picha, sufuria asiziguse, wageni wasije wakarudi kwao na mabaka. Akawajibu kwamba basi na huyo bibi harusi wamwache, maana naye alipikwa tumboni mwake, watu wakacheka, yeye alipofika nyumbani hakucheka.

Dawa ya hospitali ilikuwa inamponya, ila polepole, na sendofu ya Jumamosi ilikuwa inakuja mbio, hivyo Jumatano tarehe 7 Mei 2014 alichanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe wenye kupe, akajipaka mwili mzima, juu ya vidonda vya kujikuna, ili Jumamosi asimame jikoni akiwa safi machoni penu. Alifariki Alhamisi alfajiri, akiwa na miaka 52.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye usiku ule, na wabeba kahawa wenzake waliomkimbiza hospitali.

Tunawashukuru pia akina mama majirani, mlio jikoni tangu asubuhi. Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Sufuria mnazokoroga ni zile alizonunua kwa ajili ya sendofu, alizisugua kwa mikono yake ileile, na hakuna aliyeuliza nani alizigusa. Kuleni, mshibe.

Mama Restuta, wageni wako wanakula kwenye sufuria zako. Sasa pumzika kwa amani.