Jina la Tano kwenye Karatasi

— Elfu makumi mbili, Bienvenu! Elfu makumi mbili franka, nilizihesabu mbele ya macho yako, moja moja, na hakuna hata moja yenye ilikuwa imepasuka!

— Sikatai, yaya, kaka yangu. Nani anakataa?

— Basi jina iko wapi? — Fiston akauliza.

Ubao waliokalia, ambao watu wa mtaa wa Mulongwe wanauita Bunge, umelazwa juu ya mawe mawili makubwa. Mto uliyashusha wenyewe mwaka ule ulipobeba nyumba za watu, na hadi leo hakuna aliyepata nguvu za kuyarudisha mlimani. Kila siku saa tisa mchana Papa Maneno anatua hapo birika lake la kahawa ya tangawizi, na wabunge wanafika. Fiston hatoki mbali, karakana yake ya pikipiki iko hatua kumi tu, lakini tangu Jumapili alikuwa hajashika spana. Wanamwita Kiti ya Mbele, kwa sababu mwanamuziki yeyote asiye na tajiri mgongoni akipiga gitaa lake popote kati ya Kavimvira na Kalundu, Fiston utamkuta amekaa mbele kabisa, na amelipa. Hilo la kulipa usilipite haraka. Kuna watu wanapenda muziki wa bure. Yeye anasema huo si upendo, ni wizi wenye masikio. Bienvenu, anayejiita Impresario, ndiye muandaaji wa matamasha hayo. Na yule wa pembeni, mwenye koti, ni Déogratias. Wanamwita Prefe, ingawa hajawahi kuongoza shule hata moja. Alifundisha darasa la tatu miaka kumi bila mshahara, akatoka na methali tu.

Ugomvi ulitoka kwenye tamasha la Laurette, Jumapili, katika ua wa kinu cha unga. Fiston alikuwa amelipia banga. Ndiyo desturi ya huku: unalipa, jina lako linaandikwa kwenye karatasi, na mwimbaji katikati ya wimbo analitupa hewani, watu wakusikie. Wengine wanalipia jina lao. Fiston alilipia jina la Shalom, rafiki yake, na jina halikuitwa.

— Umeme ilikatika, yaya, — Bienvenu akasema. — Weye mwenyewe ulikuwako.

— Umeme ilikatika saa kumi. Shalom alikuwa wa tano kwenye karatasi. Laurette aliita wa ine, akaruka wa tano, akaita wa sita. Umeme gani hiyo inajua kuhesabu?

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, — Prefe akaingia. — Bafle, spika zenu zile, mliziweka chini sana. Jina ilitoka, lakini ilipitia mu miguu ya bantu.

— Minye nilikuwa mbele, Prefe. Mbele yangu hakukuwa miguu ya muntu.

Papa Maneno akamimina, akampa kila mtu kikombe chake. — Mimi namshuku yule tajiri wa mafuta. Ameitwa mara saba, jamani. Anavyonunua madumu yote bandarini, ndivyo alivyonunua na nafasi za wengine.

— Mara munane, — Fiston akamsahihisha.

— Hapana, hapana, — Prefe akainua kidole kama yuko mbele ya ubao. — Bafle zilikuwa zimegeukia ziwa. Na ziwa siku hizi linakula kila kitu. Lilikula barabara, likakula salle ya paroisse, sasa liko nakula sauti. Jina ilivuka maji. Nakuapia, kuna muntu kule Bujumbura, Jumapili, alikuwa anakula samaki yake ya mukeke pole pole, akasikia «Shalom!», akageuka kuangalia ni nani anamuita.

— Na bafle zenyewe zilinunuliwa kule, — Bienvenu akadakia, akifurahi kupata pa kujificha. — Zinatuma sauti kwao.

— Unaona? Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani! Bafle imerudi ngamani!

Walicheka hadi Papa Maneno akamwaga kahawa juu ya kiatu chake. Fiston hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba hawa ni watu wazuri, na kwamba hakuna hata mmoja wao anayeweza kumsaidia.

Alianza kusikiliza muziki na Shalom wakiwa wanafunzi, kwenye salle ile ile, ukumbi wa parokia, ambao sasa samaki wanaogelea ndani yake. Walikuwa na pesa ya tikiti moja. Shalom anaingia nusu ya kwanza, Fiston anaingia nusu ya pili, halafu njiani kurudi kila mmoja anamwimbia mwenzake nusu aliyoikosa. Shalom hakuwa na sauti. Kwa miaka miwili Fiston aliamini kwamba nusu za kwanza za matamasha yote ni mbaya. Walipoanza kupata chao, waliapa kulipa kila mtu tikiti yake. Walikwenda mpaka Katogota, baada ya mavuno, wakakuta wasikilizaji watano, mmoja wao mama wa mpiga ngoma. Mwaka ziwa lilipopanda, mwimbaji alisimama juu ya kreti za bia, wao wakasimama na maji ya kufika magoti. Umeme ulipokosekana kabisa, Fiston alichota umeme wa kipaza sauti kwenye betri ya pikipiki ya Shalom, na Shalom akashika mkono wa mafuta saa nzima bila kutetereka, ili wimbo usizimike.

Kisha Shalom akapakia magunia ya mchele kwenye pikipiki hiyo, akapanda Luvungi, barabara ikafungwa nyuma yake kwa vita, na ilipofunguliwa yeye hakurudi. Miezi minane. Simu inasema haipatikani.

— Na weye juu ya nini usiende radio? — Papa Maneno akauliza, kwa upole sasa. — Wanatangaza waliopotea kila asubuhi.

— Radio inasikika mpaka wapi, Papa? Tena ukitangaza muntu amepotea, umeshakubali amepotea. Wimbo watu wanauchukua mu simu. Muntu wa pikipiki anatia mu kadi yake, anapanda nayo Sange, Luvungi, Kamanyola, mpaka mu misitu kwenye hakuna radio. Kama Shalom iko mahali, atasikia jina yake. Atajua kuna muntu iko namuita. Ni hiyo nililipia. Si sifa.

Bienvenu akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akaziweka juu ya ubao kati yao wawili.

— Chukua, yaya. Zote. Tusiharibiane roho.

— Toa.

— Ni feza yako.

— Ningetaka feza ningekuwa karakana. Toa hiyo karatasi ya feza hapa kabla upepo haijaichukua, juu minye siitaki.

Hapo ndipo Laurette alipofika. Gitaa mgongoni, mfuko mmoja mkononi, mfuko wa mtu anayevuka mpaka na hajui lini atarudi. Aliwaamkia Papa Maneno na Prefe kwanza, kwa heshima, halafu akasimama mbele ya Fiston.

— Kaka Fiston, niko naenda Bujumbura. Kule kuna mahali pa kuimba, huku hata ua ya kinu wamesema ilikuwa mara ya mwisho. Lakini nimesikia unalalamika, sikutaka kuvuka na deni.

— Ulimruka.

— Nilimruka.

— Juu ya nini?

Alitoa karatasi ya Jumapili, iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti la Fiston. Namba tano ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Bienvenu: *marehemu Shalom*. Neno la kwanza lilikuwa limekatwa na mkono mwingine, mistari mitatu, karibu karatasi ipasuke.

— Nilimkuta anaandika hivyo mlangoni, — Fiston akasema. — Nilimnyang'anya kalamu.

— Yaya, minye nilifikiri... — Bienvenu akaanza, asimalize.

— Sikiliza, kaka, — Laurette akasema. — Muzima namuita na gitaa mbio mbio, nasema na mahali kwenye iko: Shalom wa Luvungi, bantu wanapiga kelele. Marehemu nashusha gitaa, watu wananyamaza. Siwezi changanya. Nilifika hapo, vidole vikasimama. Gitaa niko nayo hapa, simu yako iko hapo, nakuimbia sasa hivi unipige video. Lakini uniambie kwanza: niko naita muzima, ao niko naita mufu?

Prefe akafunga vifungo vya koti lake. Papa Maneno akatazama ndani ya birika. Bienvenu alikuwa anaokota noti zake polepole, kama mtu anayeokota kitu kilichomwagika msibani.

Fiston akaitazama karakana. Mwezi uliopita kijana mmoja asiyemjua alileta pale pikipiki ibadilishwe mnyororo. Fiston alipoilaza tu, aliona chini ya injini mshono wa kuchomelea, mbaya, umepinda upande wa kushoto. Ni mshono wake. Aliuchomelea mwenyewe kwenye pikipiki ya Shalom, na Shalom alimcheka siku ile mpaka akakaa chini. Kijana alisema aliinunua Luvungi, kwa mtu, naye huyo mtu aliinunua kwa mtu. Fiston hakuuliza zaidi. Alibadilisha mnyororo, akapokea malipo, akasema asante. Yeye, anayejulikana mtaa mzima kwa kusema neno lilivyo, hakumwambia mama wa Shalom, hakumwambia mtu yeyote.

— Kaka Fiston? — Laurette akasema. Gitaa lilikuwa tayari kifuani, mkono umesimama juu ya nyuzi. — Gari ya kwenda mpakani iko nanisubiri.

Fiston akatoa simu, akaishika mbele ya uso wake kwa mikono miwili.

— Muite.

— Namna gani?

— Nililipia jina. Nipe jina tu.