Kambare Wasiozaa wa Ndugu Kasiani

Tarehe 30 Juni 1981, Ndugu Kasiani Mloka, Bwana Samaki wa Bwawa la Lukandwe, anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja. Angechelewaje, na nyumba yake iko hatua ishirini kutoka majini, wala hakuna mwingine anayeishi huko?

Mzaliwa huyu wa Mgeta alianza kama mlinzi. Kufikia mwaka 1972 perege walikuwa wamejazana bwawani hadi wakadumaa, hakuna aliyezidi kidole. Idara yetu ya Uvuvi ikaleta kambare chotara, walaji hodari wa perege wadogo. Hawazai, kwa hiyo hawaongezeki kuliko wale tunaowapandikiza. Kila mwaka Ndugu Kasiani alifuata vifaranga mjini, akarudi nao ndani ya madebe nyuma ya Landrova, akikoroga maji kwa mkono njia nzima wasikose hewa. Tulimtania kwamba anapika uji. Baada ya miaka mitatu perege walijaa kiganja, na kijiji cha ujamaa cha jirani kikapata kitoweo.

Kambare wenyewe hakuna aliyewagusa. Ilienea habari kwamba anayekula samaki asiyezaa naye hatazaa. Ndugu Kasiani, kwa pupa yake ya kuwatoa hofu, akachoma mmoja mbele ya mkutano wa kijiji, akamla akabakiza miiba. Alisahau jambo moja: yeye ni mgane, na marehemu mkewe, Paskalia, hakumwachia mtoto. Watu wakatazamana. “Si mnamwona mwenyewe?” akasema mmoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula kwake, hata ugali na kabichi. Alikaribisha kila mpita njia, na kila mpita njia alikuwa ameshiba.

Ofisini tulicheka sana. Nami Scholastika, mpiga chapa wenu, nilicheka. Nilipokwenda kuchukua ripoti alinitengea chakula, nikamwambia nimefunga. Ilikuwa Jumatano ya kawaida, na sote wawili ni Wakatoliki. Alifunika sahani, akanisindikiza hadi barabarani. Tangu hapo nimepata watoto wanne, na kila mwaka nimepata kisingizio kipya. Naona aibu kuyaandika haya.

Mzee wangu Kasiani, shikamoo. Tunakushukuru kwa perege tuliokula miaka yote hii, na tunakuombea pumziko jema huko milimani Mgeta. Lakini kabla hujapanda mlima, Jumapili nakuja na wanangu wote wanne, tukiwa na njaa. Tupikie kambare.