Jaduong' Javan na Kikombe Chenye Tundu

Kuanzia Migori hadi Homa Bay hakuna fundi wa injini anayenifikia mimi, Jacktone. Injini ikisikia kandambili zangu mlangoni inajiwasha yenyewe. Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wamebaki nyuma. Ndiyo maana Bwana Osman alipotafuta mtu wa kumwandikia mzee wetu, Jaduong' Javan Nyakwaka, maneno ya kuagwa, wafanyakazi wote walininyooshea vidole, ingawa Mama Irine wa samaki anadai walikuwa wananicheka.

Mzee Javan anastaafu leo, tarehe 30 Aprili 1998, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alianzia kwenye kinu cha mahindi cha Bwana Osman kule Migori, kisha akaletwa hapa Homa Bay kwenye mtambo wa barafu. Injini yetu ni ile kuukuu ya Mwingereza, tunaiita Dani, yaani bibi. Dani akisimama hakuna barafu, na pasipo barafu samaki wa akina Mama Irine wanaanza kunuka kabla ya kufika Rodi Kopany. Basi riziki ya watu wengi imekaa juu ya bibi huyo, na bibi amekaa mikononi mwa Javan.

Mikono yenyewe si ya upole. Ukiipiga injini teke, utasikia sauti yake toka ng'ambo ya uwanja: "Omera, ndugu yangu, hiyo ni injini, si punda wa baba yako!"

Lakini heshima yake ilizaliwa kwenye msiba, na mwenyewe hapendi tuufiche. Kinu cha Migori kilikuwa na injini pacha ya Dani. Kibao chake kiliagiza mafuta ya sekunde 240 za Redwood, kipimo cha kizamani: unayapasha mafuta hadi nyuzi sitini, unayamimina kwenye kikombe chenye tundu dogo chini, unahesabu sekunde hadi yatoke. Mwaka 1991 yakaja mapipa ya mtindo mpya, yameandikwa sentistoki. Javan akatafuta pipa lenye 240. "Namba ni namba," akasema, akamimina. Yalikuwa mazito kama ugali unaokaribia kuiva. Hayakufika kwenye beringi, na kabla ya saa sita mchana injini ilikuwa imekwama. Haikuwaka tena.

Bwana Osman hakufoka. Aliketi juu ya gunia, akavua kofia, akasema, "Pole, Mzee Javan." Javan husema heri angetukanwa.

Aliyemfungua macho ni Asmaa, binti wa Bwana Osman, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo cha ufundi. Alimweleza kwamba Redwood inahesabu muda wa kutoka kwenye kikombe, ilhali sentistoki inapima jinsi mafuta yenyewe yanavyotiririka kwa uzito wake. Kwa mafuta mazito kama yetu, gawanya sekunde kwa nne: 240 za Redwood ni karibu sentistoki 60. Kwa mepesi usithubutu, maana sekunde 40 hazileti kumi, zinaleta kama sita. Na joto liwe lile lile pande zote mbili. "Rudia, nyar Osman," Javan akamwambia, mpaka binti wa watu akakauka koo.

Tangu siku hiyo hakuna pipa lililoingia hapa kwa kuaminiwa maandishi yake, kwa kuwa njiani mapipa hubadilishwa. Sufuria jikoni, kikombe cha shaba juu ya meza, saa mkononi, kimya. Hata Mama Irine, ambaye hunyamaza kanisani tu, hunyamaza. Mapipa mawili Javan ameyarudisha yalikotoka. Dani hajakwama hata siku moja.

Jaduong', asante kwa kutufundisha, hata mimi uliyesema kichwa changu ni kizito kuliko lile pipa la Migori. Nenda Rangwe kwa mkeo, Mama Roseline, ukapumzike. Siku zako na zitiririke taratibu, zisikwame popote.

Ningeishia hapo. Lakini mnakiona kile kikombe kinachong'aa mezani, karibu na keki? Juzi nilikisugua kwa mchanga ili kipendeze siku yako. Tundu lilikuwa limeganda mafuta pembeni, nikalizibua kwa spoku ya baiskeli. Jana nikayapima mafuta yetu yale yale: zile sekunde 240 zimekuwa 190. Tundu limepanuka. Sasa mafuta mazito yatapita kama ndiyo sawa, na Dani atanyweshwa kilichomuua pacha wake. Pipa jipya linafika Jumatatu, na Bwana Osman hajui mpaka sasa anapowasomea maneno haya.

Jaduong', nimekiharibu kikombe chako.