Mama Therese na Dumu Lisilosuguliwa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Titye, mimi Fidele, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimetumwa na ukoo nisome maisha ya mama yetu, na naomba mnivumilie, kwa kuwa sehemu yake moja inatuaibisha.

Therese Harerimana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 huko Muyama, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha akajifunza kwa mama yake kugandisha mtindi katika kibuyu ambacho hakikusuguliwa ndani hata siku moja, kilifukizwa moshi tu, kwa imani kwamba ukoko wa ndani ndio unaogandisha maziwa. Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Pasikali, huko Kibondo, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1998 wakahamia hapa Titye, Kasulu, ambako mama aliuza mtindi sokoni. Kibuyu kilipopasuka alinunua dumu la plastiki, moshi akauacha kwa kuwa plastiki ingeyeyuka, lakini mwiko wa kutosugua akauhamishia humo, nasi watoto tukajivunia dumu hilo, tukiwaambia wateja kuwa limekomaa.

Tarehe 3 Mei 2024 alianza kuharisha damu, na kwa kuwa maziwa aliyachemsha siku zote, hatukuyashuku, tukamshuku Bi Kudra, jirani yetu muuza chai, ambaye asubuhi hiyo alimpa uji, tukatangaza sokoni kuwa amemtilia sumu, watu wakaacha kunywa kwake, meza yake ikabaki na nzi.

Wateja wa mama nao walipougua, bwana afya alilipasua dumu mbele yetu, ndani mna utando unaoteleza kama bamia, akatueleza kwamba bakteria hujishikiza kwenye mikwaruzo ya plastiki, wakajijengea ute huo na kukaa ndani yake, maji ya kusuuza yakapita juu tu, na kila yanapomiminwa maziwa yaliyochemshwa, baadhi yao hubanduka na kuzaliana humo. Mama aliposikia alilia, akatuagiza tukamwombe radhi Bi Kudra, tumlete amwone, nasi kwa kuona haya tukasema kesho, tukasema tena kesho, hadi figo zikashindwa, akafariki tarehe 19 Mei 2024. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hiki kimetuumbua sisi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wote, na wauza maziwa wenzake, ambao wameyatupa madumu yao ya zamani.

Bi Kudra yupo hapa, amekaa nyuma karibu na jiko, tangu jana anasugua masufuria ya msiba wetu, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumtazama usoni. Bi Kudra, hukumtilia mama yetu kitu, ulimpa uji. Tulikuchafua mbele za watu, na mbele za watu hao hao tunakuomba radhi, na tunakuomba shada la kwanza uliweke wewe, kabla yetu sisi watoto.

Mama, pumzika kwa amani, Kudra amefika.