Niliposhuka Gulwe na Ndagala za Watu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengine waliolisema wamekaa humu ndani leo, na mimi nawapenda.

Baba mdogo Severini, ndugu ya marehemu baba yangu, alisema: "Huyu mutoto hata Uvira, pale ngambo tu, akienda peke yake atapotea." Mama Goreti, muuza samaki wa Kajaga, alisema mbele ya watu: "Diploma? Huyo atapata diploma ya kubeba mifuko!" Na kweli, wakati ule nilikuwa nabeba mifuko. Nilishusha mchele na sukari kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura. Jumamosi nilipanda Kiriri kukata majani kwenye bustani za wakubwa. Siku ambazo mji ulifungwa kwa ajili ya risasi, tulikaa nyumbani Bwiza, tukanywa maji, tukalala. Nilikuwa nimemaliza sekondari, tena kwa alama nzuri, lakini vita havikumuuliza mtu amesoma nini.

Mama yangu ni mjane. Kila alfajiri alikwenda Kajaga kupokea ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mitumbwi inapofika. Aliwaanika, akawauza, akatulisha mimi na dada yangu Kineza.

Mungu akafungua milango miwili mwezi mmoja. Mchungaji wetu alinipatia nafasi katika chuo cha afya huko Mpwapwa, mji mdogo wa Tanzania, mbali sana na ziwa letu. Ningesomea kazi ya bwana afya: maji safi, vyoo, kuzuia magonjwa. Wiki ileile Dona, mtoto wa Baba mdogo, akaandika kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na duka kule, akitaka ndugu wa kumsaidia.

Ndugu zangu, mnajua kwetu mtu hasafiri kimya kimya. Watu huitwa, fanta hufunguliwa, kila mwenye neno husimama akalisema, na neno likishasemwa mbele ya watu si lako tena. Baba mdogo akasimama.

"Mji mukubwa uko pale," akasema. "Bahari iko, mameli iko, feza iko. Na we unataka kwenda kusomea vyoo?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na fanta.

"Baba mdogo, vyoo navyo vinaokoa watu," nikajaribu.

"Apana! Anakwenda Dar. Bon, imeisha."

Ikawa imeisha. Wanawake watano wa Kajaga wakaleta ndagala kavu, magunia mawili yakajaa. Dona angeziuza Dar, kisha angewarudishia vitenge na sabuni, maana vitu hivyo vilikuwa vimeadimika kwetu. Ule ulikuwa mtaji wao wote. Mama Goreti akaniangalia, akamwangalia mama yangu, akasema, "Na huyu akila mali yetu?" Mama akasimama mbele yao wote: "Huyu nimemuzaa mimi. Magunia ikipotea, mutaniuliza mimi."

Nikaondoka. Meli ya mizigo mpaka Kigoma, kisha treni. Tikiti yangu ilisema Dar es Salaam, lakini mfukoni nilikuwa na barua ya chuo ambayo sikumwonyesha mtu. Siku ya kuripoti ilikuwa siku ileile ambayo treni ingepita stesheni ya Gulwe, na Gulwe ndipo anaposhuka mtu wa Mpwapwa.

Niliomba tangu Tabora. Nilisema, "Bwana, mimi ni wa dukani au ni wa darasani?" Sikusikia sauti. Niliona tu kwamba kila nilipofikiria duka, moyo ulilala, na kila nilipofikiria darasa, moyo uliamka. Ndugu zangu, nilikuwa na akili, na nilijua kwamba nina akili! Mungu hakunipa ile akili ili ipime sukari ya Dona.

Treni ikasimama Gulwe asubuhi. Nikaenda mlangoni. Kwenye kiti jirani na changu alikuwa amekaa mwanamke wa Uvira, mfanyabiashara, Mama Faida, tuliyesafiri naye tangu Kigoma.

"Kaka, unatafuta nini mulangoni?"

"Mama, wa Mpwapwa wanashukia hapa?"

"Ni hapa. Ona mwenyewe, mawe na mbuzi. Kaa chini, we unakwenda Dar."

"Nashuka, Mama."

"Na tikiti ya Dar mukononi? Yesu! Huyu ni mugonjwa!" Kisha akaona sitanii. "Haya, shuka. Lakini ile magunia niachie mi. Andika jina ya duka, nitamufikishia kaka yako."

Hapa ndipo naungama, ndugu zangu. Mama Faida alikuwa mwaminifu, siku mbili alinilisha mihogo yake. Ningeweza kumwachia. Lakini nilikumbuka kwamba sina karo. Nikayavuta magunia yote mawili mpaka chini, nikijua ni ya nani. Treni ikaondoka, Mama Faida akinipungia mkono dirishani na kutikisa kichwa.

Nilipofika Mpwapwa, mkuu wa chuo akaniuliza, "Karo yako iko wapi?"

"Sina feza, bwana. Niko na ndagala."

Akamwita mpishi. Mpishi akafungua gunia, akanusa, akafumba macho. Wanafunzi walikuwa wamekula maharage wiki tatu mfululizo. Siku ile mtaji wa wanawake watano wa Kajaga ukawa karo yangu ya muhula wa kwanza, na mimi nikapewa jina la Dagaa, kwa maana ndivyo wanavyowaita kule.

Walinicheka! Nilisema "mutu" wakacheka, nilisema "apana" wakacheka. Na masomo yalikuwa kwa Kiingereza, mimi niliyesoma Kifaransa tangu utoto. Kila neno nililitafuta mara mbili, kwanza kwenye kamusi, kisha kwa jirani yangu wa bweni. Likizo wenzangu walikwenda kwao, mimi nilibaki kufyatua matofali ya chuo ili nilipe muhula unaofuata. Mwisho wa mwaka matokeo yakabandikwa ukutani. Wa kwanza: Dagaa! Mungu wetu ana nguvu, na kichwa alichonipa si cha mchezo!

Lakini mwaka wa pili barua ya Kineza ikanifikia. Habari zilikuwa zimefika Kajaga. Wanawake walikuwa wamemwondoa mama kwenye mstari wa kupokea samaki. Mitumbwi ikifika, Mama Goreti anasema, "Huyo mumupite. Mwana wake alikula za kwetu." Mama sasa alikuwa anafua nguo za watu Kiriri. Baba mdogo alikuwa amekataza jina langu nyumbani kwake.

Nilisoma barua ile nikasahau kwamba mimi ni wa kwanza darasani. Jibu lilikuwa rahisi: niende Dar kwa Dona, nifanye kazi, nilipe upesi, mama arudi kwenye mstari wake. Na Dona, Mungu ambariki, hakunikasirikia. Alikuwa ameniandikia mwenyewe: "Njoo hata sasa, mdogo wangu, tutalipa pamoja." Nikafunga mfuko wangu, nikaaga bwenini.

Nilipokuwa naikunja barua ya Kineza niiweke mfukoni, nikaona maneno nyuma yake. Mama hajui kuandika, alimwambia dada maneno haya: "Usirudi bila hiyo karatasi ya shule. Nimeshatukanwa. Ukiacha sasa, nitakuwa nimetukanwa bure."

Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya bweni. Nililia kwa sauti, wala sikuona aibu. Nilisema, "Bwana, nilishuka na mali isiyo yangu. Nisamehe, nami nitairudisha. Na unifunge mahali hapa mpaka nimalize." Ndugu zangu, nilifunguliwa! Hofu ya watu ilinitoka siku ile mpaka leo. Nikafungua mfuko, nikarudi darasani, na mwalimu aliponiuliza nilikuwa wapi nikamjibu kwa Kiingereza safi.

Nikamaliza, ninayo diploma. Nikarudi Bujumbura wakati milima bado inalia kwa mizinga. Shirika moja la misaada lilitafuta mtu wa maji na vyoo katika kambi za waliokimbia vijiji vyao. Watu wenye suti walikuwa wengi mjini, bwana afya nilikuwa mimi! Nilichimbisha vyoo, niliweka dawa kwenye maji, na kipindupindu kilipokuja kambini kwetu kilirudi na njaa yake.

Mishahara yangu ya kwanza ilinunua vitenge na sabuni. Jumamosi moja nikamchukua mama, tukaenda Kajaga. Sikuwalipa wanawake wale kimya kimya, nilisema kosa langu mbele yao na mbele ya wavuvi, kisha nikampa kila mmoja kadiri ya alichotoa, na juu yake zaidi. Wanne walipiga vigelegele.

Mama Goreti alikuwa wa tano. Alikikunjua kitenge, akakigeuza juani akitafuta tundu.

"Umekawia," akasema.

"Ni kweli, Mama."

"Mi nilikutukana sana."

"Ni kweli, Mama."

"Na huyu nilimutukana kukupita we." Akamshika mama yangu mkono, akamvuta mpaka mbele ya mstari, mahali mtumbwi wa kwanza unapogusa mchanga. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Mutoto wangu wa pili anamaliza shule mwaka huu. Ule mji yenu ya vyoo unaitwaje?"

Nikafungua mdomo, lakini mama aliniwahi. "Mpwapwa," akasema, kwa sauti ambayo wavuvi wote waliisikia.

Namshukuru Mungu, na namshukuru mama yangu, yule pale, simama mama wakuone! Wewe ndugu ambaye wakubwa wamekwisha kukusemea njia, piga magoti, mwulize Bwana, naye atakuonyesha pa kushuka. Mwamini! Na kama ulichukua cha mtu, kirudishe mchana, watu wakiona. Amina.