Bi Loisi Madeje, Aliyeisimamisha Kalamu ya Mkaguzi

Ninaandika wasifu huu kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Nyumba ya Mapumziko Kilima Cheupe, Mtera, ili kumuaga rasmi Bi Loisi Madeje, msimamizi wa bwawa letu la kuogelea, anayestaafu tarehe 30 Juni 1996 baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi. Nakiri kwamba furaha niliyo nayo ni kubwa kuliko nafasi niliyopewa katika jarida hili.

Bi Loisi alizaliwa mwaka 1941 huko Mlali, Kongwa, mahali ambapo maji huchotwa, hayaogelewi. Aliajiriwa mwaka 1977 kama mfuaji wa mashuka, nyumba ikiwa bado mali ya shirika la umma. Mtunza bwawa alipoacha kazi mwaka 1981, ni Bi Loisi peke yake aliyeiomba nafasi hiyo, ingawa sharti lake la kwanza lilikuwa kujua kuogelea. Alijifunza akiwa na miaka arobaini, kila asubuhi kabla wageni hawajaamka, huku mpishi wetu Yahaya akimtania kutoka dirisha la jikoni: "Mama Loisi, hilo si josho la ng'ombe!" Naye, maji yakimtoka puani, alimjibu: "Njoo basi uingie, kupe wako wanaonekana hadi huku!" Baada ya miezi minne alilivuka bwawa zima bila kugusa ukingo. Siku hiyo Yahaya alimkaangia chapati sita, akazisindikiza kwa salamu ya heshima.

Mwaka 1993 nyumba ilinunuliwa na mtu binafsi, na mageuzi yakaja kwa kasi: vitanda vipya, sare mpya, na mimi pia, na shahada yangu, kama msaidizi wa meneja. Mmiliki alitutamkia wazi kwamba bwawa lisipopata kibali cha usalama kabla ya Krismasi ya 1994, atafunga nyumba na sote kumi na wanne tutarudi makwetu. Tulijituma kweli! Uzio wa miiba uliozuia mbuzi wa majirani ukapisha uzio wa wavu. Lango likawekewa springi ili lijifunge lenyewe. Boya la kuokolea likatundikwa. Kazi ya kuandika kina cha maji ukingoni nilipewa mimi. Kipimo nilikichukua kwenye ramani ya mhandisi, nikaandika kwa rangi nyekundu: mita mbili.

Siku ya ukaguzi, afisa wa serikali alipita kila kona akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa ameshafungua kalamu Bi Loisi aliposema: "Samahani baba, usitie sahihi. Hiyo namba inadanganya." Alieleza kuwa tangu miaka ya ukame bwawa hujazwa pungufu kwa nusu mita, ili maji ya tangi yatoshe jikoni na bafuni. Anayeiamini namba ile na kujirusha kwa kichwa angekutana na sakafu.

Meneja wetu, Bwana Hanifu, alishika kichwa. "Mama, umetumaliza!"

"Afadhali niwamalize ninyi kwa aibu, Bwana Meneja, kuliko mgeni kwa saruji."

Afisa alifunga kalamu, akatupatia muda hadi saa sita mchana kesho yake. Bi Loisi aliingia majini na mti wenye alama, akapima hatua kwa hatua. Yahaya, kofia ya upishi kichwani, akinakili. Nami, kwa unyenyekevu mpya, nikipaka rangi: mita moja na nusu, na chini yake, MARUFUKU KURUKA KWA KICHWA. Kesho yake, saa tano na nusu, kibali kilitiwa sahihi. Tulishangilia hadi wageni wakadhani ni harusi.

Tangu siku hiyo kina hupimwa upya kila Jumatatu, wala hakuandikwi namba ambayo mti haujaigusa. Katika miaka yote ya Bi Loisi, hakuna mgeni aliyetolewa majini akiwa maiti. Sote kumi na wanne bado tuko kazini.

Bi Loisi, asante kwa kusema wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Nenda Mlali ukapumzike. Karanga zako zistawi, na wajukuu wakushibishe furaha. Wafanyakazi wote na familia zao wanaalikwa kumuaga kando ya bwawa, Jumamosi tarehe 29 Juni 1996, saa tisa kamili alasiri.